Asumini za Ngamiani zifike harusini Dar zikiwa bado nyeupe, nisaidieni

Fundi_Barabara12 (Jumatatu, saa 3 usiku)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hamjambo wote.

Wikiendi hii nina safari ya Dar, harusi ya rafiki zangu wawili. Bi harusi ni shoga yangu tangu darasa la kwanza, na bwana harusi tulikaa naye dawati moja kidato cha tatu na cha nne, hapa hapa Tanga. Vikaratasi vyao mimi ndiye nilikuwa navipeleka na kuvirudisha. Leo wanaoana na mimi nipo, naona kwa macho yangu, alhamdulillahi.

Nikaha ni Jumamosi baada ya alasiri, Magomeni. Bi harusi anaanza kupambwa saa nane mchana kwa shangazi yake, jirani na kituo cha Mapipa. Usiku tunahamia ukumbini Sinza. Jumapili nageuza, maana Jumatatu saa mbili asubuhi lazima niwe kwenye cherehani, nina sare za shule za kukabidhi.

Sasa shida yangu. Mama yake shoga yangu, Mungu amrehemu, alipanda mwasumini uani kwao, Barabara ya 12, hapa Ngamiani, Tanga. Kila Alhamisi jioni alikuwa akitandika mkeka chini ya ule mti, sisi watoto tunachuma na kutia kwenye ungo, yeye anatunga. Majirani wote walikuwa wanapata, hata wasioomba. Mwaka wa tatu huu tangu ametutoka. Nyumba sasa wanakaa wapangaji wengine ila mti haujakatwa, na mama anayeishi pale ameniambia nije nichume nitakavyo. Wiki iliyopita shoga yangu alinipigia simu, akaongea habari za mapambo na keki, halafu akanyamaza. Akasema, "Maua ya ukumbini nimeshaagiza. Lakini kichwani na kifuani nataka za mama." Nikamjibu nitazileta. Tangu siku hiyo usingizi umekatika.

Nimekatika usingizi kwa sababu nilishawahi kuharibu. Mwaka 2017 nilipeleka asumini kwa binamu yangu anaolewa Temeke. Wakati ule mifuko ya nailoni ilikuwa haijapigwa marufuku, nikazitia humo, nikazimwagia maji kwa kudhani nazisaidia, nikapiga fundo, nikaweka kapu miguuni. Kiti chenyewe kilikuwa juu ya injini. Kufika Ubungo nafungua, zimeiva. Nyeusi, zinateleza kama majani ya chai yaliyobaki kwenye birika. Mama mdogo alizichukua akaenda kuzimwaga nyuma ya nyumba bila kuniambia neno, na mpaka leo ule ukimya wake naukumbuka.

Naomba mnisaidie. Nichume lini ili zisiwe zimefunguka kabla hazijafika? Nitunge hapa au nikatungie kule? Na kwa muda niliowapa, nipande basi la saa ngapi, nishukie wapi?

---

Mgosi_wa_Kimara (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Dada, mimi ni mtu wa Muheza ila nakaa Kimara, hiyo njia naijua kuliko shamba la baba. Maua siyajui. Nakujibu ya safari.

Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350. Likienda vizuri ni safari ya saa tano mpaka sita. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku 2023 utaona watu wanakwambia ondoka Ijumaa usiku. Kwako wewe sikushauri. Utafika alfajiri na maua yako, halafu yakae nyumba ya harusi saa tisa nzima, watoto wanafungua, kila mtu anataka kunusa. Panda la saa kumi na moja alfajiri pale stendi ya Kange. Saa tano na nusu uko Mbezi Luis, na bado una akiba ya muda barabarani ikitokea jambo. Zamani akiba hiyo ilikuwa inaliwa Wami, mnasubiriana na malori kwenye lile daraja jembamba. Tangu jipya lifunguliwe 2022 mnapita tu.

Uliza kabla hujakata tiketi: basi linapita Chalinze au linakata Msata kushika njia ya Bagamoyo? Yapo yanayokata Msata. Ni njia nzuri kwa anayekwenda Bunju au Tegeta, lakini wewe unaitaka barabara ya Morogoro ikushushe Mbezi, maana kutoka hapo mpaka Magomeni ni mstari mmoja. Unafika Kimara, unapanda mwendokasi, unashuka Magomeni Mapipa. Hata mvua ikinyesha na Jangwani kukajaa maji, wewe unakuwa umeshashuka kabla ya huko.

Na kiti: kaa upande wa dereva, katikati ya basi. Kuanzia Segera mnashuka kusini na jua la asubuhi linapiga upande wa kushoto mpaka Chalinze. Nyuma kabisa pana joto, na juu ya injini umeshapaona mwenyewe.

---

Jiji_Letu (Jumatatu, saa 4:15 usiku)

Pole na mawazo dada. Lakini mbona Dar asumini zipo? Magomeni na Kariakoo kuna akina mama wanatunga, ukiagiza Ijumaa unachukua Jumamosi mchana mbichi kabisa. Nakuonea huruma na safari ya saa sita na maua mkononi.

---

Fundi_Barabara12 (Jumatatu, saa 4:22 usiku)

Ahsante kaka, najua zipo, na nzuri. Ila hizo siyo za uani kwa mama yake. Angetaka asumini tu asingeniambia mimi, yeye ndiye anakaa Magomeni.

---

Deli_la_DeepSea (Jumanne, saa 12 asubuhi)

Dada salaam. Mimi natoa samaki pale soko la Deep Sea, Tanga, napeleka Dar, mwaka wa tisa huu. Samaki siyo ua, lakini joto ni lile lile na adui yake ni mmoja.

Tafuta deli dogo lenye mfuniko unaobana. Barafu ya vipande usitie, inayeyuka na maji yanapanda. Gandisha chupa mbili za maji tangu Alhamisi, kila moja izungushie kipande cha kanga kikavu, zilaze chini. Juu yake funika sahani ya bati iliyogeuzwa, halafu mzigo wako ukae juu ya sahani. Barafu isiguse kitu. Ikigusa samaki, ngozi inabadilika rangi pale pale ilipogusa, na nadhani ua ndiyo zaidi.

Konda akitaka kukutilia deli kwenye buti mkatalie, hata kama ni kulipia kiti cha pili. Kule chini ni tanuri. Na usifungue kila mnaposimama kununua machungwa. Kila ukifungua unaingiza joto la nje. Fungua mara moja tu, ukifika.

---

Bi_Mkubwa_Chumbageni (Jumanne, saa 8 mchana)

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Huyo marehemu simjui ila mti wake nadhani naujua, kwa sababu kulikuwa na uani mmoja Barabara ya 12 ambao ukipita usiku wa kuamkia Ijumaa unajua umefika kabla hujaona mlango.

Nimetunga asumini na kufunga vikuba, vile vishada vya maua ya kifuani, tangu sijaolewa, sasa nina wajukuu. Nisikilize taratibu.

Chuma Ijumaa, alasiri ikishapita, saa kumi na moja jioni hivi, jua limelegea lakini magharibi bado. Asumini hufunguka jua likizama, kwa hiyo ukichelewa nusu saa umezikosa. Usichume kila unaloliona. Lile dogo la kijani liache, halitafunguka kamwe ukishalikata. Lililoanza kutoa mdomo nalo liache, hilo ni la leo, mpe mwenye nyumba avae. Unalolitaka ni tumba nono, jeupe mpaka kwenye shingo, limefumba kama kidole cha mtoto mchanga. Likate na kikonyo chake. Koja la kichwani hula tumba mia mbili hivi, kwa hiyo wewe chuma mia tatu na hamsini, kwa sababu njiani kuna yatakayokufa na kikuba nacho kinataka yake.

Usiyaoshe. Ulipokosea 2017 ni hapo, mwanangu, siyo kwenye mfuko peke yake. Ua likishalowa likafungiwa linajipika lenyewe. Chukua kanga kuukuu, iloweshe, ikamue mpaka isidondoshe hata tone, itandaze kwenye ungo na matumba juu yake, sehemu yenye upepo, ukaswali magharibi. Ukirudi yatakuwa yametoa joto la jua.

Koja tunga hapa hapa Tanga, usiku huo huo. Yakiwa yamefumba yanapokea sindano bila kuchanika, kesho yakilegea yatakusumbua na mikono ya safari itatetemeka. Sindano nyembamba ndefu, uzi wa pamba uliopitishwa kwenye maji. Pitisha shingoni, siyo tumboni. Usiyabane, kati ya tumba na tumba paache nafasi ya kuvimba, maana yakifunguka yanataka pa kukaa.

Kikuba usifunge. Chukua vitu vyake mbali mbali: matumba yaliyobaki, mrihani wenye vikonyo virefu, kipande cha mkadi ukiupata, na waridi moja. Utafunga kule, saa saba au saa nane, kwa sababu mrihani ukikaa na asumini usiku kucha unaiachia weusi.

Cha kufungia ni jani la mgomba. Libabue juu ya moto kidogo ili lilainike lisipasuke, liache LIPOE kabisa, kisha laza koja, kunja, funga kwa uzi wa jani lenyewe. Ndipo utie kwenye deli alilokueleza huyo kijana wa samaki, kasema kweli kabisa. Baridi itayachelewesha kufunguka. Akishavaa, joto la mwili wake litafanya iliyobaki.

Na wakifukiza udi, wafukize nguo kabla. Moshi usikutane na asumini.

---

Mama_wa_Watatu (Jumanne, saa 2 usiku)

Bi Mkubwa Mungu akuweke. Mimi naongeza dogo: mdogo wangu, kadi yako ya ukumbini itie kwenye pochi leo, siyo asubuhi ya safari. Na usilale nyumba ya harusi, hutalala. Tafuta ndugu.

---

Fundi_Barabara12 (Jumatano, saa 4 asubuhi)

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimeyaandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja. Deli nimeazima kwa muuza barafu wa mtaani. Mkadi nimeambiwa upo kwa bibi mmoja Pongwe. Kaka wa Kimara na kaka wa samaki, Mungu awalipe.

---

Fundi_Barabara12 (Jumatatu iliyofuata, saa 3 usiku)

Nimerudi jana usiku. Sare za watu nimekabidhi, sasa nakaa kuwaeleza.

Ijumaa nilichuma na yule mama mpangaji na binti yake wa miaka saba, na binti alikuwa ananiuliza kila tumba, "Hili?" Tulipata mia tatu na sitini na kitu. Nikatunga mpaka saa tano usiku. Ile nafasi ya kuvimba uliyoniambia, Bi Mkubwa, nilikuwa naipima na ncha ya ukucha. Nikafunga kwenye jani, nikalala kwa muda wa saa tatu tu.

Basi liliondoka kwa wakati. Nilikaa upande wa dereva, deli mapajani. Muheza, Segera, Kabuku, kila kitu sawa. Tulipopita Mkata tukapata pancha, na tairi la akiba lenyewe lilikuwa na walakini, tukakaa saa nzima na robo. Abiria wakashuka. Nikatafuta kivuli cha mwembe, nikaweka deli kwenye majani, nikasimama upande wa jua ili kivuli changu nacho kiliangukie. Mara tatu mkono wangu ulikwenda kwenye mfuniko. Sikufungua.

Mbezi nimefika saa saba kasoro dakika kumi. Kaka wa Kimara, ile akiba ya muda yote ilikuwa imekwisha. Nikachukua bajaji mpaka Kimara. Mwendokasi la kwanza lilijaa, nikaliacha, la pili nikaingia nimesimama, nimelikumbatia deli. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akaniangalia, akauliza, "Binti, umebeba asumini?" Mfuniko umefungwa! Nikamwambia ndiyo, natoka Tanga, za bi harusi. Akanyanyuka akanipa kiti. Sikukaa mimi, nililikalisha deli, na yeye akasimama kando yake mpaka nashuka Mapipa, anazuia watu wasiegemee.

Nilipoingia chumbani ilikuwa saa nane na robo. Shoga yangu keshasukwa, hina imekolea mikononi, anangoja. Nikaweka deli chini, nikafungua, nikalitoa jani, nikakata uzi. Yale ya upande uliokuwa karibu na chupa yalikuwa yamepata rangi ya kahawia, kama arobaini, na hayo nilichomoa. Mengine yote meupe. Yamefumba, machache ndiyo yameanza kuachia. Harufu ilitoka polepole, kwanza ya jani la mgomba, ndipo yenyewe ikafuata.

Hakusema ahsante wala hakulia. Aliinama juu ya lile jani muda mrefu, wapambaji wamesimama na vitana mikononi, kisha akasema neno moja tu: "Alhamisi."

Mimi ndiye niliyelia, ikabidi shangazi yake afunge kikuba kwa maelekezo yangu. Mrihani nje, mkadi katikati, waridi na asumini juu. Alikifunga vizuri.

Baada ya nikaha, jua lilipozama, yalianza kufunguka kichwani mwake moja baada ya jingine. Tulipofika Sinza saa tatu usiku koja lote lilikuwa wazi. Ukumbi una maua mengi ya kuagizwa, mazuri mno, lakini akipita yeye watu walikuwa wanageuka. Bwana harusi alipokuja mezani kwetu kusalimia nikaona kwenye mfuko wa koti lake ametia tumba moja lililodondoka. Hatukuongea, alinigonga bega tu kama zamani darasani.

Jumapili asubuhi nilikwenda kuwaaga. Koja limeshakauka limekuwa kahawia, yeye amelikunja kwenye leso nyeupe, ameweka ndani ya sanduku la nguo.

Sasa Bi Mkubwa nina swali jingine kwako. Wamepata kiwanja Kigamboni, mchanga mtupu, wataanza kujenga mwakani. Mwenyewe bwana harusi kaniomba nimpelekee mche wa ule mti. Tawi la asumini linashika? Na likishika, litakubali mchanga wa kule?

---

Bi_Mkubwa_Chumbageni (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Marahaba mwanangu, na Mungu akupe nawe. Linashika.

Usikate ncha laini, inaoza. Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, na kisu kipite chini tu ya kifundo. Majani ya chini ondoa, ya juu bakiza mawili. Kata matawi sita, maana mawili au matatu yatakufa. Yachomeke kwenye kopo lililotobolewa chini, udongo mweusi nusu, mchanga nusu, weka kivulini uani kwako, udongo uwe na unyevu lakini usitote. Usiyatikise kuangalia kama yameshika. Ukiona jani jipya ndipo ujue. Yaache hapo mpaka yawe na nguvu, usiyasafirishe mapema.

Mchanga wa Kigamboni usiuogope, hata hapa kwetu tuko kwenye mchanga wa pwani. Wachimbe shimo la kiwiko kimoja, watie samadi iliyooza na udongo mweusi, mahali panapopata jua la asubuhi. Na wapande wakati wa vuli zikianza, kabla hata msingi wa nyumba haujachimbwa, ila uwe upande ambao mafundi hawatarundika matofali.

Ukiwa tayari kukata niambie, nije nikuoneshe kifundo. Chumbageni na Barabara ya 12 siyo mbali.